Uongo wa Jumapili

Kila Jumapili Mwalimu alitudanganya mara moja. Alitutangazia hivyo mwenyewe siku ya kwanza, kabla hata hajatuuliza majina: ndani ya saa mbili za somo angepenyeza uongo mmoja, mmoja tu, na kazi yetu ni kuukamata. Atakayeukamata anyooshe mkono, aseme "Napinga," kisha ataje sheria au kesi inayompa nguvu ya kupinga. Uongo ukiponyoka, mwisho wa somo angeutaja mwenyewe polepole, huku akitabasamu kwa namna ya kukera, nasi tungerudi nyumbani tumenuna.

"Mtihani haupimi mnachokijua," alisema. "Hicho hata kitabu kinakijua. Mtihani unapima kama mnaweza kukataa."

Tulikuwa tunasoma mfumo wa sheria wa Uingereza tukiwa Johannesburg, na tayari nasikia mtu akicheka. Cheka tu, tulichekwa sana. Kuna chuo cha huko kinachofundisha kwa mtandao. Masomo unayapata kwenye simu, mtihani unaufanyia katika ukumbi wa kukodi hapahapa mjini. Chuo hakikuuliza kibali cha kuishi Afrika Kusini, na kwa baadhi yetu hilo peke yake lilitosha kuipenda Uingereza.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la cherehani, Kensington ya hapahapa Johannesburg. Lilianza na watu tisa, likabaki na watatu wasiojua kuacha. Mimi ni mtu wa Tanga, na wakati ule nilikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara hiyohiyo. Wa pili alikuwa Mkenya wa benki moja ya Sandton, ambaye alikuja na gari lake na kuliegesha mahali anapoweza kuliona. Wa tatu ni Mama Mshonaji, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye duka lenyewe. Mama alikuwa ameshaanguka somo hili mara tatu, na chuo kiliruhusu mara nne. Akianguka tena, safari yake ya sheria inaishia pale. Hilo alilijua kila mtu aliyeketi kwenye meza ile ya kukatia vitambaa.

"Silifungi darasa hili mpaka Mama avuke," Mwalimu alikuwa akisema, na tulimwamini, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na maisha yake. Hilo simsengenyi. Alilisema mwenyewe.

Kwao ni wapi, hatukujua. Wakongo walimdhania Mrundi, Mkenya alimdhania Mtanzania, nami niliposikia anavyotamka maneno fulani nilisema huyu ni wa visiwani, na wiki iliyofuata nikajikanusha. Kwa miaka mingi alikuwa mkalimani mahakamani hapa mjini. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mshtakiwa, maneno ya watu kama sisi ayapeleke kwa Kiingereza, na ya hakimu ayarudishe kwa Kiswahili. Mkalimani husema "mimi" akiwa na maana ya mtu mwingine. Mshtakiwa akisema sikuiba, naye anasema sikuiba.

"Nimekana wizi mara nyingi kuliko mwizi yeyote wa mji huu," alituambia. "Na sikuruhusiwa hata mara moja kusema ninavyofikiri."

Nadhani ndiyo sababu alipenda kupingwa. Mtu aliyebeba maneno ya wengine miaka yote ile alipopata meza yake mwenyewe alitaka mabishano, tena ya kweli. Ukikubali kila alichosema alichoka haraka, akaanza kukuita "Ndiyo Mzee." Ukimpinga ukashinda, alisimama, akavuta tai yake ikae sawa, akasema, "Pingamizi limekubaliwa, Msomi," kisha akaketi kana kwamba amepewa zawadi. Sote alituita Msomi. Tai hakuikosa hata siku moja, ingawa chini alivaa ndala, na Johannesburg ya mwezi wa saba, katikati ya baridi, si mahali pa ndala. Tulipomwambia kuhusu viatu alisema miguu haijawahi kuhojiwa na jaji.

Mimi kupinga kulinitesa. Nimelelewa na bibi ambaye mbele yake hata ukiambiwa jua linachomoza usiku unasema naam bibi. Miezi miwili nilikaa nikiona uongo unapita mbele yangu, nikaumeza. Siku niliyothubutu, nilisimama na maneno yakatoka yote kwa mkupuo: "Samahani Mwalimu, shikamoo, napinga."

Mkenya alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Mwalimu hakucheka.

"Marahaba," alisema. "Ila shikamoo si pingamizi. Rudia bila hiyo. Hapa msinionee haya. Haya haina maksi."

Nikarudia. Kilikuwa kitu kidogo tu, kwamba jaji wa Uingereza aligonga nyundo yake kutaka ukimya. Majaji wa Uingereza hawana nyundo. Sote tumeiona kwenye sinema tukaamini. Mkenya alikuwa amekwisha kuiandika.

"Lakini si kila siku tunaiona kwa TV?" alilalamika.

"Basi nenda ukafanyie mtihani wako kwa TV," Mwalimu akamjibu.

Kabla ya somo kulikuwa na habari. Kila mmoja alete habari moja ya sheria ya wiki ile kutoka Uingereza, aisome kwa sauti, kisha ajibu maswali mawili: nani amebadilisha nini, na jana ilikuwaje? Swali la pili ndilo lililotutoa jasho. Mwalimu alisema mwanafunzi anayejua sheria ya leo bila kujua ya jana hawezi kueleza kwa nini watu waligombana. Kwa hiyo nilijikuta kwenye kaunta, katikati ya mteja wa misumari na mteja wa rangi, nasoma habari za kamati za Bunge la nchi nisiyoijua, na nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani tulikuwa na huzuni wakati wote.

Siku bora kuliko zote ilikuwa ya mahakimu. Huko Uingereza, kesi nyingi ndogo za jinai husikilizwa na mahakimu watatu ambao si wanasheria. Ni raia wa kawaida waliojitolea, hawalipwi mshahara, na pembeni wana mtaalamu wa kuwaelekeza sheria. Mama Mshonaji aliposikia hayo alizima cherehani aliyokuwa akimalizia nayo pindo.

"Napinga!" alisema. "Kwetu magistrat ni muntu mukubwa. Eko na motokari, eko na chauffeur. Atatumika bure namna gani?"

"Sheria gani inakupa nguvu, Msomi?"

"Baba yangu! Baba yangu alikuwa magistrat!"

Ndipo tukajua kwa nini alianguka mara ya kwanza. Neno lilikuwa moja, magistrate kwa Kiingereza na magistrat kwa Kifaransa, akalijibu kwa Kifaransa kichwani. Aliandika kurasa nne kuhusu mahakimu, akawapa shahada, mishahara, na heshima yote ya baba yake. Mimi sikuwa na haki ya kumcheka, maana hakimu wangu wa Tanga naye ni mtu wa kusomea na kuajiriwa, na ningeandika yaleyale. Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Alichukua chaki ya mshonaji, akaandika kwenye kitambaa cheusi kilichoning'inia ukutani, ambacho ndicho kilikuwa ubao wetu: MAHAKIMU WA WENGINE SI MAHAKIMU WENU. Mama hakukifua kitambaa kile kwa mwezi mzima.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo, wakati bado anaandika ubaoni. Baadaye aliacha. Alisema vumbi la chaki linamkohoza. Karatasi zetu nazo aliacha kuzisahihisha kwa kalamu. Alitaka umsomee jibu lako kwa sauti, naye anagonga meza mara moja penye udhaifu. "Jibu baya linajisaliti mdomoni," alisema. Na kweli ilisaidia. Niligundua mwenyewe sentensi zangu zilizokuwa zinapiga domo tu. Mkenya alipopelekwa London kwa mafunzo ya benki, alimpigia Mwalimu picha ya jengo la mahakama, akaisafisha kwenye karatasi nzuri, akamletea. Mwalimu hakuwahi kufika Uingereza maisha yake yote. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akasema ataitazama vizuri nyumbani. Tulidhani ni unyenyekevu.

Hakutaka kusindikizwa. Hakutaka kushikwa mkono kwenye roboti, zile taa za barabarani, pale nje, hata magari yakiwa mengi. Mama akimwekea chakula alikula, akashukuru, lakini ukimwambia pole kwa jambo lolote, hata mafua, alibadilika uso. Yeye mwenyewe alikuwa na huruma nyingi. Mama alipoanguka mara ya tatu Mwalimu alikuja dukani kila jioni kwa wiki nzima, akiketi kwenye kiti cha wateja bila kusema neno kuhusu mtihani, mpaka Mama akaanza kumtania kwamba anafukuza wateja. Huruma alijua kuitoa. Kuipokea, hapana.

Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili tulikuwa tunafunga darasa. Ndio msimu wa Mama wa sare za harusi na nguo za Krismasi, chumba cha nyuma hujaa vitambaa hadi dirishani. Miezi ile miwili hakuna aliyemsomea Mwalimu habari. Hatukujua kwamba alihitaji kusomewa.

Tulirudi mwaka mpya, tukaendelea vizuri tu mpaka Jumapili moja, mtihani ukiwa umebaki wiki sita. Siku ile Mkenya aliukamata uongo mapema. Mwalimu alikuwa amesema baraza la wazee wa mahakama, yaani jury, hutoa sababu za uamuzi wake, na huko hawatoi. Pingamizi likakubaliwa, tai ikavutwa, tukaendelea. Nusu saa ya mwisho, akirudia mambo ya mahakimu kwa ajili ya Mama, akasema kwamba kwa kosa moja hawawezi kumfunga mtu zaidi ya miezi sita.

Nikanyoosha mkono huku nacheka. "Napinga! Mwalimu, leo umetupa uongo wa pili!"

"Wa leo umeshakamatwa, Msomi."

"Ni miezi kumi na miwili."

"Sita."

"Ilikuwa sita, ikapandishwa, ikarudishwa sita, na mwishoni mwa mwaka wamepandisha tena. Habari ninayo hapa." Nilikuwa nimelewa ushindi. Nilifungua simu, nikaipeleka mpaka usoni pake. "Soma mwenyewe."

Aliipokea. Aliishika kama mtu anavyoshika simu, kwa umbali unaofaa, akainamisha kichwa. Kioo kilikuwa kimejizima mkononi mwake. Kilikuwa cheusi tititi. Mwalimu akapitisha macho kutoka juu kwenda chini, bila haraka.

"Naam," alisema. "Naona. Naona hapa. Uko sahihi, Msomi."

 Mama aliweka mkono mdomoni. Mkenya alitazama sakafu. Nikaichukua simu yangu, na nilielewa kila kitu kwa pamoja: chaki, karatasi, picha ya London, roboti. Tulikuwa tumefundishwa na mtu asiyeona, na mimi nimemvua nguo mbele ya wanafunzi wake huku nacheka. Akasimama, akasema pingamizi limekubaliwa, lakini tai hakuivuta.

Usiku ule Mkenya alifungua kundi jingine la simu lisilo na Mwalimu. Tulitumiana sauti. Mkenya alisema ni presha ya macho, mjomba wake aliipata, haina kurudi nyuma. Alisema, "Wazee wetu hatuwaaibishi hivyo, jameni." Mama alilia kwanza, kisha akasema, "Miye naona tumuheshimu. Akikosea tunyamaze. Ule mwenye kujua kosa ataandika hapa, sisi wenyewe tutasahihisha." Nami nikasema sawa. Nilikuwa tayari kusema sawa kwa chochote kitakachoniondolea ile picha ya simu nyeusi.

Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida, amenyoa ndevu. Nilifurahi kumwona amekuja. Alifundisha vizuri, bila kusitasita. Katikati ya somo akafika kwenye haki za binadamu, akasema, "Mahakama ikitamka kwamba sheria ya Bunge haipatani na haki za binadamu, sheria hiyo inakufa siku hiyohiyo."

Inabidi nieleze hapa. Katika nchi tulizotoka, na katika hii tunayoishi, mahakama ya juu inaweza kuiua sheria iliyopitishwa na Bunge. Uingereza haiwezi. Itatoa tamko, lakini sheria inabaki hai mpaka Bunge lenyewe liibadilishe. Kwa watu wetu hakuna jambo gumu kulikubali kama hilo. Mwaka uliopita nilibishana na Mwalimu mwezi mzima juu yake, nikashindwa, nikalijua kwa uchungu wa kushindwa. Kwa hiyo niliposikia alivyosema niliinua macho, nikakutana na macho ya Mkenya. Tukatikisiana vichwa kidogo. Maskini, tuliambiana kwa macho, sasa na hili.

Mwalimu alinyamaza akisubiri. Tulisikia teksi ikipiga honi barabarani, na kalamu ya Mama ikikwaruza daftari.

"Narudia," alisema, na akarudia neno kwa neno.

Tukanyamaza. Moyo wangu ulikuwa umejaa huruma, nami niliuona mzuri kwa ajili hiyo. Baada ya muda Mwalimu alipapasa koti lake kwenye kiti, akalivaa.

"Leo tuishie hapa, Wasomi."

Hakutaja uongo wa siku. Tulidhani amesahau, tukamhurumia zaidi. Siku ya Alhamisi kukaja sauti yake kwenye kundi la darasa, fupi: "Mmeiva. Sina la kuwaongezea. Someni habari, nendeni mkafanye mtihani." Baada ya hapo hakupokea simu za mtu. Mama alikwenda kwenye chumba alichokuwa amepanga Mwalimu, akaambiwa amehama.

Kusahihisha kosa lile ilikuwa kazi yangu, mimi niliyelijua kuliko wote, kwa makubaliano yetu wenyewe. Wiki ile tulikuwa tunahesabu mali ya duka, nilirudi nyumbani miguu imevimba. Nilijiambia kila mtu anajua. Sikukumbuka kwamba mwezi ule wa mabishano yangu na Mwalimu, Mama alikuwa na magauni ya harusi kumi na mawili na alikosa karibu vipindi vyote. Sikuandika. Siku zikapita, nikawa sikumbuki hata kwamba sijaandika.

Matokeo yalipotoka mimi na Mkenya tulifaulu. Mama alianguka kwa alama chache sana, na chuo kikamwandikia barua ya adabu ya kumfungia mlango. Nilikwenda dukani. Nilimkuta anapima mteja, hakulia, alimaliza kupima, akamuaga mteja wake, kisha akaketi.

"Sijue nilikosea wapi," alisema. "Ile swali ya haki za binadamu, nilijaza kurasa tatu. Nilisema loi ya Bunge inakufa siku ileile, nikaeleza vizuri. Mwalimu aliirudilia mara mbili. Nikajua hii njo ya lazima."

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia. Nilimwambia pole.

Mwalimu nilimpata baada ya miezi mitatu, kwa kuulizia kwa wakalimani waliomfahamu. Alikuwa anaishi Turffontein, chumba cha uani, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ilikuwa Jumamosi mchana na vipaza sauti vya uwanjani vilikuwa vinasikika hadi pale. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki juani, tai shingoni. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Huhitaji kuambiwa. Alikuwa anatazama bati la jirani kama mtu anayesikiliza.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Msomi wa misumari." Akacheka. "Vuta ndoo hiyo ukae."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima ndani ya teksi. Nikasema mara moja kabla sijaogopa: nimekuja kuomba radhi kwa ile siku ya simu.

"Ile?" alishangaa kwelikweli. "Ile ilikuwa siku yangu nzuri. Aibu niliiona, sikatai. Lakini nilirudi nyumbani nikiimba. Miaka mitano nakufundisha kukataa, wewe uliyeingia na shikamoo zako, na hatimaye umenikamata pale ambapo hata mimi sikujua kuna uongo. Mwalimu anataka nini kingine?"

"Basi mbona ulifunga darasa?"

Akageuza sikio upande wa uwanja. Farasi walikuwa wameanza kukimbia, mtangazaji anapiga kelele za majina yao.

"Jumapili iliyofuata nilitaka kujua kama bado ninalo darasa," alisema. "Nikachagua uongo ambao wewe hasa usingeupitisha. Tulipigana juu yake mwezi mzima, unakumbuka? Nikausema. Nikasubiri. Nikaurudia, niwape nafasi. Mkaninyamazia." Alisema bila hasira, na nilitamani angekuwa na hasira. "Nikajua mmekwisha kunihurumia. Mkinihurumia siwezi kuwafundisha kitu, kwa sababu sitajua tena nani anajua na nani hajui. Nilidhani wote mnajua. Ndiyo maana sikuona haja ya kuutaja."

Nilitazama ndala zake. 

"Lakini kulikuwa na kalamu," aliendelea. "Nimeifikiria sana hiyo kalamu, huku nilipo. Mtu alikuwa anaandika. Haikuwa ya Mama, sivyo?"

"Ilikuwa yangu, Mwalimu," nilisema. "Nilikuwa nachorachora tu."

Alishusha pumzi ndefu. Mabega yake yalishuka kabisa, nikaona jinsi alivyokuwa ameyabana muda wote tangu nifike.

"Na Mama? Alivuka? Ningewauliza wengine, lakini wengine watanibembeleza. Wewe nitakuamini, maana wewe ulinipinga."

"Alivuka."

Alicheka kwa sauti, akapiga paja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaninyooshea, kando kidogo ya mahali nilipokuwa.

"Nitafutie namba yake. Nataka nimpe hongera mwenyewe."

Niliipokea. Jina la Mama lilikuwamo. Nikaiweka simu sikioni bila kubonyeza kitu, nikahesabu moyoni muda ambao simu huita.

"Hapokei, Mwalimu."

"Jumamosi hii, ana wateja," alisema, bado anatabasamu. "Jaribu tena."

Nikaiweka tena sikioni.